Nyumba ya Mbele na Chumba cha Nyuma

Msomaji wangu, siku moja niliwaagiza wanafunzi wa kidato cha pili, katika shule moja hapa Athi River, wachore ramani ya nyumba ambayo kila mmoja wao angependa kuijenga atakapokuwa mtu mzima mwenye mali yake. Niliwapa karatasi, rula na muda wa saa nzima. Walichora kwa furaha, na karibu wote walichora nyumba ya namna moja: nyumba ndefu, pana, isiyo na ghorofa, yenye paa la mteremko mdogo, veranda mbele, madirisha makubwa, gereji ubavuni, na nyasi zilizokatwa vizuri hadi ukingoni mwa ua.

Hayo hayakunishangaza, maana nyumba za namna hiyo wanaziona kila siku kandokando ya barabara ya Mombasa. Kilichonishangaza kilikuwa kitu kidogo. Nyuma ya kila nyumba, karibu na kamba za kuanikia nguo na pipa la takataka, palikuwa na kisanduku chenye mlango mmoja na dirisha moja. Nilipouliza kisanduku hicho ni nini, darasa zima lilinijibu kwa sauti moja kwamba ni chumba cha mfanyakazi. Kijana mmoja, ambaye mama yake alimsomesha kwa mshahara wa kufua nguo za watu, naye alikuwa amekichora. Katika ramani yake gereji ilikuwa na urefu wa mita 6 na upana wa mita 3. Chumba cha nyuma kilikuwa na mita 3 kwa mita 2 na nusu. Basi gari lilipewa mita 18 za mraba, na mtu akapewa 7 na nusu.

Sikumlaumu kijana yule. Hakubuni jambo jipya, alinakili alichofundishwa. Nia yangu katika insha hii ni kumshitaki aliyemfundisha, na mshitakiwa huyo ni nyumba yenyewe. Nyumba ni mwalimu asiyepumzika. Hufundisha mchana na usiku, hufundisha bila kitabu wala kiboko, na mafunzo yake huingia katika damu kabla mtoto hajajua kusoma. Humwonyesha mtoto nani aingie kwa mlango wa mbele na nani aingie kwa mlango wa nyuma. Nani aketi kwenye veranda na nani apite kando yake amebeba beseni. Mtoto akishahitimu shule hiyo, mahubiri mengi ya usawa humpita kama upepo wa uwandani.

Kwanza na tumtendee haki mshitakiwa, kwa maana mwenye kushitaki bila kukiri mema ya mwenzake huipunguzia nguvu hoja yake. Nyumba ndefu isiyo na ghorofa ina akili yake. Mji wetu uko kusini kidogo ya Ikweta, na jua la hapa hupita karibu na utosi. Kuta zinazoungua ni za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Nyumba ndefu ikilazwa kutoka mashariki hadi magharibi hulielekezea jua ncha zake fupi, na pande zake ndefu hubaki katika kivuli cha paa. Veranda nayo hulizuia jua lisifike ukutani, huzuia mvua isipige dirishani, na huwapa watu mahali pa kupunga hewa jioni.

Paa pana, tena, huvuna maji. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Paa la mita 150 za mraba likipata mvua ya milimita 10 tu hutoa lita 1,500, nayo ni neema isiyodharauliwa na mtu yeyote aliyewahi kuketi na ndoo tupu akisubiri bomba. Ni kweli kwamba udongo mweusi wa uwanda huu huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na nyumba ndefu yenye msingi mfupi hupasuka pamoja nao. Kwa hiyo mjenzi mwenye busara huuchimbua udongo huo wote hadi afikie changarawe au mwamba. Lakini hiyo ni gharama, si aibu. Umbo la nyumba hii ni jema, nami sitaki mtu aseme kwamba nimelichukia kwa sababu lililetwa na wageni. Kosa limo katika mpango wake, na mpango huo una historia.

Watu huiita nyumba hii bangalo. Neno hilo lilitoka Bengal, katika Bara Hindi, ambako bangla ilikuwa nyumba ya mwanakijiji yenye paa la nyasi lililoteremka chini. Wafanyabiashara wa Kiingereza waliiona, wakaiiga, wakaipanua, wakaizungushia veranda, kisha wakaichukua karibu kila mahali walipokwenda kutawala. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilivuka uwanda wa Athi na kufika Nairobi mwaka 1899, na nyumba hiyo ikafuata nyayo za reli. Hivyo nyumba ya mkulima wa Asia ikageuzwa kuwa nyumba ya bwana wa Afrika.

Upande wa pili wa dunia ilizaliwa ndugu yake. Wamarekani huiita nyumba ya ranchi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika mji wa San Diego, mjenzi aitwaye Cliff May alianza kujenga nyumba ndefu za chini alizoziiga kutoka katika majumba ya udongo ya wafugaji wa zamani wa California, wenye asili ya Kihispania na Kimeksiko. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, askari walirudi nyumbani, serikali ikawapa mikopo yenye masharti nafuu, magari yakawa mengi, na nyumba hizo zikaenea katika vitongoji vya miji yote kama nyasi baada ya mvua.

Lakini ndugu hawa wawili walikuwa wamekwisha kukutana hapa kwetu zamani. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka katika kituo cha reli cha Kapiti Plains akaenda kukaa Kitanga, upande wa Machakos, katika ranchi ya Mwingereza aitwaye Sir Alfred Pease. Alipokewa katika nyumba isiyo na ghorofa, yenye veranda iliyotazama uwanda mpana wenye wanyama wasiohesabika. Roosevelt hakuona ugeni mkubwa, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuwa na ranchi yake huko Dakota katika miaka ya 1880. Aliona ardhi kubwa, ng'ombe, veranda, na watumishi. Alikuwa kama mtu aliyefika kwao.

Tujiulize basi: uwanda ule uliotazamwa kutoka veranda ulikuwa wa nani? Wakamba na Wamaasai walilisha mifugo yao huko kabla ya reli kufika. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999, na Mwafrika akafungiwa katika eneo lililotengwa, lililozidi kuwa dogo kadiri watoto na ndama walivyozaliwa. Ng'ombe walipokuwa wengi kuliko nyasi, serikali haikusema kwamba ardhi ni ndogo. Ilisema ng'ombe ni wengi. Mwaka 1938 iliwalazimisha Wakamba kupunguza mifugo, na ng'ombe waliouzwa kwa bei duni walitakiwa na kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilichokuwa kimejengwa hapa hapa Athi River. Ndipo Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, wakaondoka Machakos kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa, wakidai kusikilizwa na gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Lakini serikali ililegea, na amri ya kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa nguvu ikaachwa. Nayataja haya ili ujue kwamba upana wa nyumba ya ranchi haukutoka katika akili ya mjenzi peke yake. Ili mmoja apate kutanua mabawa yake, wengine walibanwa.

Sasa naja kwenye kiini cha mashitaka. Katika mikataba ya ardhi ya Wazungu wa Kenya lilikuwamo sharti kwamba Mwafrika wala Mwasia asikae katika nyumba ya mahali pale, isipokuwa kama ni mtumishi wa nyumbani. Na katika vitongoji vingi vya Marekani, ambako nyumba za ranchi zilijengwa kwa maelfu, hati za viwanja zilikuwa na sharti kwamba mtu mweusi asikae pale, isipokuwa kama ni mtumishi wa nyumbani. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuyapa nguvu masharti hayo mwaka 1948, na ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba ukapigwa marufuku na sheria ya mwaka 1968. Kwetu, vizuizi vya rangi katika ardhi ya walowezi viliondolewa kabla ya Uhuru wa mwaka 1963.

Yatazame maneno hayo, msomaji wangu: "isipokuwa kama ni mtumishi." Chumba cha nyuma ni maneno hayo yaliyojengwa kwa mawe. Bwana alitaka kazi ya mikono ya mtu, lakini hakumtaka mwenye mikono. Basi alimjengea mahali ambapo mikono ingekuwa karibu na mwenyewe angekuwa mbali. Kilijengwa karibu na jiko ili aamke mapema awashe moto, na mbali na veranda ili asionekane na wageni. Dirisha lake lilikuwa dogo, na mke na watoto wake walibaki kijijini. Kiliitwa nyumba ya boi, hata pale boi alipokuwa mzee mwenye wajukuu na mvi kichwani.

Bendera ikabadilika. Mabwana wa zamani wakaondoka au wakazeeka. Ranchi nyingi za uwanda huu zimekatwa viwanja; penye swala pameota viwanda vya saruji na mitaa yenye kuta ndefu na malango yanayolindwa. Nyumba ya mbele imepata mwenyewe mpya, mwenye rangi yangu na yako, anayesema lugha yetu na kuomba katika kanisa letu au msikiti wetu. Lakini ramani haikubadilika. Mchoraji angali anakiweka kisanduku kile nyuma, na jina lake limefupishwa kuwa herufi mbili za Kiingereza, SQ, kana kwamba kulitaja kwa ukamilifu kungemwonea mtu haya. Tulimfukuza bwana tukakitunza kiti chake, tukakipangusa vumbi, tukakikalia. Je, huo ndio uhuru uliowafanya wazee wetu watembee kwa miguu kutoka Machakos hadi Nairobi?

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema: "Mwalimu, tabia njema iko moyoni, haiko ukutani. Mtu mwema atamtendea mtumishi wake vema hata katika kibanda." Namjibu kwamba moyo na ukuta hulelewa pamoja. Ni vigumu kumheshimu mchana mtu uliyempangia usiku mahali pa kuwekea majembe. Tena moyo mwema hufa pamoja na mwenyewe, na ukuta hubaki ukimngoja mpangaji mwingine ambaye moyo wake hatuujui.

Wa pili atasema: "Afadhali chumba chake mwenyewe kuliko kulala sakafuni jikoni au pamoja na watoto." Hilo ni kweli, nami sitaki mtu yeyote alazwe jikoni. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya chumba chenye siri na chumba chenye aibu. Mtu mzima anahitaji mlango anaoufunga kwa ndani, mwanga, hewa, maji na choo. Hayo hayamtaki atupwe penye pipa la takataka.

Wa tatu atataja gharama. Huyu nitamwonyesha ramani ya mwanafunzi wangu: mita 18 kwa gari, 7 na nusu kwa mtu. Aliyepata fedha za kulijengea gari nyumba hana budi kunyamaza juu ya gharama. Sheria nayo haijanyamaza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa au posho ya kutosha kupangia nyumba. Haikusema kila mtu isipokuwa mtumishi.

Wa nne ana hoja nzito zaidi. Atasema: "Mbona unawalaumu Wazungu na bangalo lao? Hata majumba ya mawe ya Lamu yalikuwa na sehemu za chini walizolala watumwa." Naam, yalikuwa nazo, nami sitawaficha wazee wetu nyuma ya pazia. Utumwa ulipoteza nguvu ya sheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na mtu anayetamani nyumba za kale na atamani baraza zake, asitamani vyumba vile. Hoja hii hainishindi, inanisaidia. Inaonyesha kwamba kumficha binadamu nyuma ya nyumba si tabia ya taifa moja. Ni kishawishi cha kila aliyepata, na kwa hiyo ni chako na changu.

Basi tufanye nini? Sisemi tubomoe nyumba zetu, wala sisemi turudi katika msonge. Nasema tuchague kama mtu apepetaye mtama. Tuchukue paa pana kwa ajili ya maji, na kivuli kwa ajili ya kuta. Tuchukue veranda, tena tuirudishie maana ambayo baraza ilikuwa nayo pwani na thome ilikuwa nayo Ukambani, yaani mahali pa mbele ambapo mgeni hupokewa, mzee husikilizwa na kijana hujifunza. Halafu tukitupe kisanduku cha nyuma. Kama nyumba itakuwa na mtu anayefanya kazi ndani yake na kulala hapo, chumba chake kiwe chini ya paa lile lile, kiwe na madirisha ya kupitisha hewa, kiwe na mlango unaofungwa kwa ndani, kisiwe kidogo kuliko chumba cha mtoto wa mwenye nyumba, na yeye mwenyewe awe na kiti kwenye veranda jua linapotua nyuma ya vilima vya Ngong. Na asiyeweza kumpa mtu hayo amlipe mshahara wa kumwezesha kwenda kulala kwake, pamoja na watoto wake.

Wewe unayesoma leo utakuwa mjenzi, au mchoraji wa ramani, au afisa wa kupitisha ramani hizo, au mwenye nyumba. Wengine wenu, msikasirike, mtakuwa wafanyakazi katika nyumba za watu, na kazi hiyo ni halali kama kazi yangu. Kwa hiyo jambo hili ni lako, upende usipende.

Baada ya somo lile niliwapa wanafunzi wangu karatasi mpya na sharti moja. Niliwaambia: "Chora tena nyumba hiyo, lakini safari hii hujui utalala chumba kipi. Ramani ikiisha tutapiga kura, na huenda kura ikakupa chumba cha nyuma." Darasa lilinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Kisha rula zikaanza kusogea. Vyumba vya nyuma vikaanza kupanuka, vikapata dirisha la pili, vikasogea kuelekea nyumba kubwa, na katika karatasi nyingine vikaingia ndani kabisa. Gereji zikapungua. Nyumba hazikuharibika; nyingi zilikuwa nzuri kuliko za kwanza. Kijana yule wa mama mfuaji aliniletea karatasi yake mwisho. Aliondoa gereji yote, akaandika mahali pake neno moja: Mama.

Chukua karatasi nawe, msomaji wangu. Kama una nyumba kwenu yenye chumba cha nyuma, kipime leo kwa hatua zako, kisha ingia ndani, funga mlango, uketi humo kwa muda wa saa moja wakati wa jua kali. Ukitoka, anza kuchora.